Mashua haisukumwi topeni: mwongozo kamili wa kujifunza ustahimilivu kwa mwezi mmoja kando ya maji ya Mombasa

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nasukuma mashua. Tulikuwa vijana watatu, tope la hori ya Tudor, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu, limetufika magotini, mabega tumeyakaza kwenye ubao, na kila tukisema "harambee" sisi ndio tuliozama zaidi. Mashua haikusogea hata kidole. Maji yalikuwa yamepwa. Mwenyewe, mzee mmoja mvuvi, alikuwa amekaa kivulini akitutazama bila neno, mpaka mwenzetu mmoja alipoanza kutukana ndipo akaita:

"Wanangu, mwasukuma mashua ama mwasukuma bahari?"

"Mashua, babu."

"Basi njooni mketi. Baada ya adhuhuri itainuka yenyewe. Na wewe mwenye maneno, niletee ile pamba."

Hatukukaa bure. Saa zile zote alitushughulisha na kalafati: kusokota pamba, kuichovya mafuta, kuigongomea kwenye nyufa za mbao kwa patasi butu. Kazi hiyo huifanyi mashua ikielea. Maji yalipojaa, babu aliisukuma kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika kikombe cha kahawa.

Nilikisimulia kisa hiki miaka mingi kama kichekesho. Sikujua kina kazi nyingine mpaka mwaka niliofeli karatasi moja ya mtihani wa uhasibu kwa mara ya tatu, kila mtu akaniambia "vumilia", na mimi nikaelewa kama tulivyoelewa sote watatu siku ile: sukuma zaidi. Mwongozo huu umetokana na mwaka huo. Ni zoezi la mwezi mmoja wa kuandama, siku ishirini na tisa au thelathini, ambalo nimelifanya mwenyewe na kuwapitisha majirani, wanafunzi na mama mmoja muuza viazi karai aliyesema hana wakati kisha akalimaliza kabla yetu sote. Unajifunza kwa viumbe ambao kizuizi chao hakina siku ya mapumziko, nao wapo hapa hapa mjini, nauli ya matatu moja au mbili.

Kabla hujatoka nyumbani

Chukua daftari dogo na penseli. Kalamu ya wino itakusaliti mara tu ukurasa ukilowa. Vaa viatu vya kufunga usivyovihurumia, maana chaza walioshika mizizi ya mikoko wana makali ya wembe, na kandambili hubaki topeni mguu ukiondoka. Beba maji ya kunywa, kofia, na mfuko wa kuzuia simu isilowe. Usiende peke yako. Tope la hori halina huruma kwa mtu aliyekwama mguu na hakuna wa kumvuta.

Kuhusu msimu, masika ya Aprili na Mei si wakati mzuri wa kuanza: mvua huteremsha udongo na taka za mitaa yote ya juu, na hori hunuka. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, jua ni kali lakini maji yametulia na unaona chini. Wakati wa kusi unaweza, ila ufuo wa wazi huchafuka kwa mawimbi, basi kaa ndani ya hori.

Hatua ya 1: Andika kizuizi chako kwa sentensi moja

Sentensi moja, yenye kitu ndani yake. "Maisha ni magumu" haitoshi, hata mchu, ule mti wa jamii ya mikoko utakaokutana nao mbele, hauwezi kukusaidia na hilo. "Nimefeli karatasi ya kodi mara tatu." "Mteja amechukua mzigo miezi minne, hanilipi." "Kila nikifungua kibanda, mtaji unaishia kwenye ada ya shule."

Ukishaandika, jiulize ni kizuizi cha aina gani, kwa sababu hapa ndipo watu wengi tunapopotea. Kuna kizuizi kinachokuja na kuondoka kwa zamu: hicho nakiita maji. Kuna kisichoondoka kamwe, unaishi ndani yake: hicho ni chumvi. Kuna pale ambapo ardhi yenyewe imekufa, huna hata pa kuanzia: machimbo. Na kuna kazi nzuri uliyoimaliza ikakataliwa na mwenye uamuzi: kiota. Kila aina ina mwalimu wake, na dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine. Anayesubiri chumvi iondoke kama maji atasubiri mpaka kiama. Anayejifunza kuishi na maji kana kwamba ni chumvi atazoea hali ambayo ingeisha saa sita baadaye.

Mimi niliandika "chumvi". Nilijiambia kichwa changu hakiendi na hesabu za kodi, basi. Nilikosea, na utaona nilikosea wapi. Wewe pia andika kwa penseli.

Hatua ya 2: Jifunze saa za maji mpaka uzijue bila kuangalia

Hii ndiyo hatua ya msingi, nayo huchukua wiki nzima. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kila siku saa zinasogea mbele karibu dakika 50: kama leo yamepwa saa nne asubuhi, kesho tegemea saa tano kasorobo au saa tano. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana, na nguvu yake huzidi siku moja au mbili baadaye. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Hapa kwetu siku za bamvua maji hupwa kabisa mchana, kuanzia saa nne hivi hadi karibu adhuhuri. Ni bahati kwa zoezi hili, maana unaona kila kitu kwa mwanga. Tafuta jedwali la maji la Kilindini kwenye simu, nakili saa za mwezi mzima daftarini kwa mkono wako mwenyewe, kisha thibitisha kwa macho. Chagua nguzo au jiwe moja, weka alama maji yanapofika, rudi baada ya saa moja. Utagundua maji hayaendi kwa kasi moja. Saa ya kwanza baada ya kujaa hayaonekani hata kama yanashuka, saa za katikati yanakimbia, na ya mwisho yanajikokota tena. Mtu akiyahukumu kwa ile saa ya kwanza atasema yamesimama.

Kanuni ya usalama: ingia saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, na uwe umeshageuza uso kurudi pale yanapofika chini. Maji ya hori hujaza mifereji iliyo nyuma yako kabla ya kufika ulipo wewe.

Mahali: mikoko ya Mikindani na Jomvu, upande wa bara wa hori ya Tudor, ni karibu na barabara na ni mizuri kwa kuanzia, ingawa utaruka chupa za plastiki na nepi kuukuu. (Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, lakini mizizi ya mikoko bado inaikumbuka.) Walio Mtwapa wana hori yao. Omba ruhusa kwa watu wa mtaa kwanza. Salamu moja kwa mzee aliyekaa penye mashua itakufungulia njia ambayo ramani haina.

Hatua ya 3: Keti saa moja na kaa wenye gando

Siku yoyote ya wiki ya kwanza, maji yakianza kupwa, tafuta uwanda wa tope wenye vishimo vidogo, keti umbali wa hatua tatu, na usijitikise. Dakika tano za kwanza hutaona kitu. Kisha kishimo kimoja kinasukumwa kutoka ndani, kibonge cha tope kinaanguka pembeni, na jicho linachungulia juu ya kijiti chake. Ni kaa mdogo, mwili wake hauzidi ukucha wako wa gumba. Kama ni dume ana gando moja kubwa karibu kama yeye mwenyewe na jingine dogo la kulia chakula.

Tazama anachofanya. Anachota tope, anapitisha mdomoni, anatema kidonge, anasogea. Hakimbilii. Ana saa chache kabla maji hayajarudi, na anazijua. Maji yakikaribia atarudi ndani na kuziba mlango wake kwa tope, na yakishapita ataufungua tena. Siku baada ya siku. Hakuna siku anayobishana na maji, wala hapotezi saa alizopewa.

Angalia pia madume waliopoteza gando kubwa. Kaa hulikata mwenyewe akishikwa na adui, kisha jipya huota anapojivua gamba. Kwa baadhi ya kaa hawa wa mwambao wetu gando jipya huwa jepesi na dhaifu kuliko la kwanza, lakini kwa macho ni lile lile, na kaa wenzake hulikimbia vile vile. Sijui kama hilo ni funzo la ustahimilivu au la ujanja wa mjini. Mimi nililipenda.

Kazi ya daftari: andika saa aliyotoka, saa aliyoingia, na mambo matatu aliyofanya katikati. Kisha, kwa siku saba, andika hayo hayo juu yako: ni saa ngapi za siku kizuizi chako kinakuwa kimeondoka, hata kidogo, na unafanya nini katika saa hizo.

Hapa ndipo nilipoona kosa langu. Daftari langu lilisema nasoma kodi saa tatu hadi saa sita usiku, baada ya siku nzima ya kusimama dukani Kongowea. Kurasa nne kwa saa tatu, na asubuhi sikumbuki hata moja. Ijumaa moja nilisoma baada ya swala ya alfajiri kwa sababu umeme ulikuwa umekatika usiku, nikamaliza kurasa tisa kabla ya chai. Ilikuwa maji, haikuwa chumvi. Nilikuwa nasukuma mashua topeni kila usiku kwa miaka miwili, na kila aliyenipenda alikuwa akinihimiza niongeze bega.

Hatua ya 4: Ramba jani la mchu

Kama kizuizi chako ni chumvi kweli (ugonjwa wa kudumu, mzazi wa kutunzwa, mshahara usiobadilika, mji usio na kazi unayoijua), hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Rudi mara tatu ikibidi.

Mikoko ya Kenya ni aina tisa, na wazee wetu walikwisha kuipa majina kwa sababu waliijengea: mkoko, mchu, mkandaa, mui, mlilana, mkomafi na jamaa zao. Boriti za dari za nyumba za Mji wa Kale zimetoka humu. Mchu utautambua kwa majani yaliyopauka upande wa chini, na kwa vijiti vinavyochomoza topeni kuuzunguka, wima, virefu kama kalamu, maelfu kwa maelfu. Vijiti hivyo ni mizizi inayotoka nje kupumua, kwa kuwa tope la hori halina hewa. Chimbua kidogo kwa kidole unuse, utaelewa.

Sasa chuma jani moja la mchu siku ya jua, liangalie upande wa juu, kisha liguse kwa ulimi. Chumvi. Wakati mwingine utaziona punje zake ziking'aa. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, kiasi cha kuua mti wowote wa shambani. Mchu huizuia sehemu kubwa mlangoni, kwenye mizizi, na ile inayopenya huisukuma nje kupitia majani, ambako upepo na mvua huiondoa. Mkoko wenye mizizi kama mikongojo, jirani yake, hutegemea zaidi kuizuia mlangoni. Matatizo ni yale yale, kila mti una mpango wake, na wote wawili wanasimama kwenye maji yale yale.

Kinachonivutia ni kwamba mchu hautoi chumvi mara moja ukamaliza. Unaitoa kila siku, kama mtu anayefagia ua. Na gharama unailipa: miti hii hukua polepole, na iliyo kwenye chumvi nyingi zaidi, kule nyuma karibu na nchi kavu ambako maji huja mara chache na jua hukausha tope, hubaki mifupi. Ukiwa mbele, penye maji mengi, unaweza kukuta mchu ule ule ukiwa mrefu mara kadhaa. Mbegu hazijatofautiana, kilichotofautiana ni mahali. Usijipime kwa mchu wa mbele kama wewe umeota nyuma.

Kazi ya daftari ina safu mbili. Ya kwanza: ni sehemu gani ya kizuizi hiki naweza kuizuia mlangoni isiingie kabisa? Mama wa viazi aliandika: "Simu ya shemeji baada ya saa mbili usiku." Ya pili: ile inayoingia, naitoa vipi kila siku, na kwa njia gani? Yeye aliandika dakika ishirini za kukaa barazani baada ya kuosha karai, bila mtu kumuuliza kitu. Alipokuja wiki iliyofuata aliniambia, "Mwanangu, hizo dakika ishirini zina maadui kuliko chumvi yenyewe." Lakini alikuwa amezilinda siku tano kati ya saba.

Hatua ya 5: Nenda Bamburi ukaone ardhi iliyofufuka

Siku moja ya wiki ya pili panda matatu ya barabara ya Malindi ushuke Haller Park, ulipe kiingilio. Watu huenda kuangalia viboko na twiga, wewe angalia chini.

Hapo palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954 na kuchimba mawe ya matumbawe ya kale mpaka pakabaki uwanja mweupe, moto, usio na udongo, maji ya chumvi yakiwa karibu chini yake. Mwaka 1971 bwana shamba Rene Haller alianza kujaribu kupanda miti. Alijaribu aina 26. Zilizosalimika ni tatu tu, mmojawapo mvinje. Wengi tunataja hizo tatu. Mimi hukaa kwanza na zile 23, kwa kuwa hakujua mapema zipi zitakufa, na alipanda zote.

Mvinje uliota, lakini majani yake, yale kama sindano, yalirundikana chini bila kuoza. Mti ukiota juu ya takataka zake mwenyewe haujatengeneza udongo. Dawa ilikuwa jongoo, wale wakubwa weusi wenye miguu myekundu ambao watoto wetu huwagusa kwa kijiti wajikunje. Waliletwa wakala zile sindano, wakazisaga, na mavi yao yakawa mwanzo wa udongo. Kisha ndipo miti mingine, nyasi, wadudu, ndege.

Ukiwa na kizuizi cha aina ya machimbo, kama kufilisika, kufukuzwa, kuhamia mji mgeni, fuata mpangilio huu. Jaribu vitu vingi vidogo kwa wakati mmoja, kila kimoja kwa gharama unayoweza kuipoteza. Weka tarehe ya kuhesabu, miezi mitatu kwa mfano. Kilichosalia kipe maji, hata kama sicho ulichokipenda. Kisha tafuta jongoo wako, mtu au kazi duni itakayogeuza mabaki yako kuwa kitu. Jirani yangu mmoja aliyefunga duka la vitambaa alisalia na magunia ya vipande. Jongoo wake alikuwa fundi wa magodoro.

Hatua ya 6: Kwera na maji moto

Hii ni fupi, unaifanya chini ya mnazi au mwembe wowote. Ndege kwera, wale wa manjano wanaochana makuti, dume ndiye anayesuka kiota. Jike anakuja, anakikagua, anakitikisa, na asipokipenda anaondoka. Dume hufumua alichosuka na kuanza upya, kwa sababu kiota kilichokauka rangi hakichaguliwi. Kama yako ni kazi iliyokataliwa, usiipeleke ile ile kwa mlango wa pili ikiwa imenyauka. Ifumue, tumia ufundi ule ule, majani mabichi.

Kwenye mwembe utakuta sisimizi wa maji moto, na ukikaa vibaya watakukuta wao kwanza. Watazame wakivuta majani mawili yaliyo mbali. Mmoja hafiki, basi hushikana kiunoni, mmoja nyuma ya mwingine, mnyororo mrefu, mpaka majani yakutane. Kisha wengine huleta mabuu wao wanaotoa nyuzi na kuyashona. Andika daftarini majina ya watu watatu wa kushika kiuno chako. Ukikosa hata mmoja, hicho ndicho kizuizi chako cha kwanza, kile kingine kisubiri.

Hatua ya 7: Panda, na ukubali kuhesabu wafu

Bamvua ya pili ya mwezi ndiyo siku ya kupanda. Mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo usijiendee tu: jiunge na kikundi cha uhifadhi cha mtaa au uliza ofisi ya Huduma ya Misitu, KFS. Wengi watafurahi kupata mikono.

Mkoko huotesha mche wake ukiwa bado mtini. Utauona umening'inia kama fimbo ya kijani. Okota iliyoanguka au iliyo tayari kuanguka, ile yenye shingo ya njano pale inapoungana na tunda. Tupa yenye matobo ya wadudu. Sisi huiweka kivulini siku kadhaa, maana ikiwa mibichi sana kaa huila kama muhogo. Kuupanda ni kuuchoma topeni theluthi moja ya urefu wake, kichipukizi juu, mita moja kutoka kwa mwenzake. Usiusindilie kwa nguvu. Hakuna mbolea, hakuna kumwagilia.

Kinachoua miche ni mahali. Mara yetu ya kwanza tulikuwa vijana kumi na wawili, fulana za kijani, kamera, hotuba. Tulipanda 300 kwenye uwanda wa mchanga mbele kabisa, kwa sababu ulikuwa wazi na unapendeza pichani. Hatukujiuliza kwa nini ulikuwa wazi. Mstari wa mbele ni wa mlilana, unaostahimili mawimbi na kina, na mchanga ule haukuwa na mti kwa sababu haukupenda mti. Bamvua ya kwanza iling'oa nusu. Iliyobaki ikavaliwa na takataka na chaza wadogo. Tukapanda tena pale pale, ndio ustahimilivu bwana, na bahari ikatuletea tena hesabu ile ile. Mara ya tatu yule babu wa mashua alipita akatuuliza, "Hapa mwataka mikoko, ama mwataka kushinda?"

Tulihamia hatua themanini nyuma, penye tope laini kati ya visiki vya mikoko iliyokatwa zamani. Visiki vilikuwa vinatuambia siku zote.

Basi weka kanuni hii kabla hujapanda chochote, mche au biashara: ukifeli mara mbili mahali pamoja kwa njia moja, mara ya tatu lazima ubadilishe kimoja, mahali, saa au aina. Kusudi libaki. Kunguru wa Mombasa naye hachoki, tangu ukoo wake ulipoletwa kutoka India hajaacha hata karai moja la samaki, na sioni mtu akimtolea mfano watoto wake.

Hatua ya 8: Chora jedwali la maji yako

Wiki ya mwisho unakaa nyumbani. Fungua daftari, chora siku saba na saa za siku. Tia rangi saa ambazo kizuizi chako kimeondoka: hizo ni za kusukuma, na ziwe chache. Saa nyingine zote andika kalafati. Kwangu, alfajiri ilikuwa ya kusoma sura mpya. Usiku wa uchovu nilipanga karatasi, nilichora mistari ya majedwali, nilinoa penseli, nilinakili fomula. Kazi ya mikono isiyohitaji akili, lakini inayofanya alfajiri ianze bila kutafuta kitu.

Usiweke saa tatu za alfajiri kila siku. Weka moja. Nenda ukatafute kisima cha zamani mjini ambacho ukingo wake wa jiwe la matumbawe umechimbwa mifereji na kamba ya ndoo. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Pitisha kidole kwenye mfereji mmoja, ni laini kama sabuni.

Watu hukwama mahali pawili. Wengine huacha siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kwa sababu hakuna kinachoonekana. Siku hizo nenda hata dakika kumi, andika "hakuna", rudi. Wengine hubadilisha kizuizi kila wiki. Kama sentensi yako ya kwanza ilikuwa na makosa, irekebishe aina yake, usikimbilie shida nyingine yenye kupendeza zaidi.

Karatasi ya kodi niliipata mara ya tano, na si kwa alama za kujivunia. Miche ya mara ya tatu ilipona mingi, na ya mwanzo kati ya hiyo sasa inanifika kifuani. Bamvua iliyopita niliona mmoja umeanza kutoa mzizi wa mkongojo, mwembamba kama penseli, umejikunja hewani na bado haujagusa tope. Niliufungia uzi mwekundu, nikapima kwa mkono: vidole vinne. Mwezi ukiandama nitarudi kupima tena.